Nimekata vilele vya mibuni nikitaka matawi ya pembeni, nikapata maotea wima: sababu ni nini?

Mkulima wa Kihamba

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina kihamba kidogo, yaani shamba la nyumbani, upande wa Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na humo nina mibuni 15 ya arabika niliyoipanda mwenyewe miaka mitatu iliyopita katikati ya migomba. Mwishoni mwa mwezi wa pili, siku chache kabla ya masika, niliikata vilele yote isipokuwa mmoja, ikiwa imefika kiunoni, sentimita 90 hivi kutoka ardhini. Nilifanya hivyo kwa sababu nilifundishwa shuleni, na mtu ninayemwamini akanihakikishia tena, kwamba mmea ukiondolewa kilele hutoa matawi ya pembeni. Mbuzi walikuwa wameivunja baadhi ya miti matawi ya chini, nami nilitaka mapengo hayo yazibwe.

Nilichokipata sicho nilichokitaka. Katika wiki ya tatu niliona, kwenye kifundo (mahali majani yanapotokea shinani) cha kwanza chini ya mkato, kila upande wa shina, kitu cha kijani kinachong'aa, kikubwa kama punje ya ulezi, kimejibana kati ya chanzo cha tawi la zamani na kovu la jani. Nilifurahi nikidhani ni tawi jipya. Baada ya wiki mbili nyingine vile vidoto vilikuwa vimekuwa maotea, yaani machipukizi ya shina, na yote yalisimama wima kuelekea juu kana kwamba kila moja lilitaka kuwa shina. Hakuna hata moja lililolala pembeni kama yanavyolala matawi ya kuzaa. Aidha, yametokea kwenye vifundo viwili vya juu tu. Huko chini, kwenye mapengo, hakuna dalili yoyote.

Kuna mambo mengine mawili yaliyonishangaza. La kwanza, mibuni miwili iliyo ndani kabisa ya kivuli cha migomba imechelewa kuchipua kwa takriban wiki tatu kuliko wenzake, ingawa niliikata yote siku moja. La pili, uko mbuni wa kumi na tano ambao sikuukata kabisa. Mgomba uliuangukia ukalaza shina lake karibu na ardhi, na sasa mgongoni mwa shina hilo pamechipua maotea saba yaliyojipanga mstari mmoja, hali kilele chake ni kizima na bado kina majani machanga.

Jirani yangu ananieleza kwamba maji ya mti yakizuiwa juu hutafuta pa kutokea pembeni. Maelezo hayo yananiridhisha nusu, kwa kuwa hayaelezi kwa nini maji yatafute njia kwenye mti ambao haukuzibwa popote. Naomba wenye elimu wanisaidie: kilele kina kazi gani juu ya macho ya pembeni, na kwa nini mibuni yangu imenijibu hivi?

Mwalimu wa Baiolojia

Ndugu Mkulima, nakushukuru kwa swali lililoangaliwa kwa makini kiasi hiki. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wangefaidika kulisoma. Nitajibu sehemu ya kilele kwa jumla, na sehemu ya kahawa yenyewe nitawaachia wanaoishi nayo.

Katika kwapa la kila jani, yaani pale jani linapokutana na shina, mna jicho, kichipukizi kidogo kilicholala, na jicho hilo huwa limekwisha kuumbwa kabla hujashika mkasi. Kukata kilele hakuumbi jicho jipya. Kunaondoa kizuizi kilichokuwa kikilizuia jicho lililopo lisiamke, na kizuizi hicho ndicho tunachokiita ukuu wa kilele. Ncha ya shina na majani yake machanga hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo husafiri ndani ya shina kwa kuelekea chini tu, polepole sana, kiasi cha sentimita moja kwa saa. Mkondo huo unapopita kwenye vifundo, macho ya pembeni hubaki yamelala.

Hoja ya maji ya jirani yako ilikwisha kujibiwa mwaka 1933 huko California, na Kenneth Thimann pamoja na Folke Skoog. Walikata vilele vya miche ya jamii ya maharage, na macho ya pembeni yakaamka kama ilivyotazamiwa. Kisha kwenye miche mingine, baada ya kukata, waliweka juu ya jeraha kipande cha agari, ile jeli itokanayo na mwani, kilichotiwa oksini, wakawa wanakibadilisha mara kwa mara. Macho yale hayakuamka ingawa kilele hakikuwapo tena. Kama sababu ingekuwa ni maji kuzuiwa juu, basi mche uliokatwa ungechipua, iwe oksini ipo au haipo.

Hata hivyo, oksini yenyewe haiingii ndani ya jicho kulizuia, nalo ni jambo lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi. Inafanya kazi kwa kupitia wajumbe wengine. Mmoja ni saitokinini, homoni inayoliamsha jicho. Oksini inapopita shinani hupunguza utengenezaji wake, na kilele kikiondolewa saitokinini huongezeka karibu na vifundo. Mwingine ni strigolaktoni, ambayo hutengenezwa mizizini na shinani na hulizuia jicho kuchipua. Kazi yake hiyo ilithibitishwa mwaka 2008 na makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja. Naomba mniruhusu nitoke kidogo kando, kwa sababu jina hilo linatuhusu sana. Limetokana na jina la kisayansi la kiduha, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mahindi na mtama wetu. Mbegu ya kiduha husubiri udongoni hadi inuse strigolaktoni zinazotoka kwenye mizizi ya mahindi, ndipo inapoota na kujishikiza. Na mmea ulio kwenye udongo wenye upungufu wa fosforasi hutoa strigolaktoni kwa wingi zaidi, kwa hiyo shamba lililochoka hutoa mimea yenye matawi machache na wakati huohuo huita kiduha.

Kuhusu vifundo viwili vya juu: jicho la kwanza kuamka likianza kukua hupata ncha yake na majani yake machanga, nayo huanza kumwaga oksini kwenda chini. Yaani kilele kipya kimekwisha kupatikana, na macho ya chini hurudi kuzuiwa kabla hayajafika mbali. Ndiyo maana mkato mmoja juu haufiki kwenye mapengo yaliyo nusu mita chini yake.

Mpogoaji

Nimepogoa kahawa tangu nikiwa kijana, kwanza ya nyumbani, baadaye ya watu, kwa hiyo naomba nianze pale Mwalimu alipoishia.

Mbuni hauna aina moja ya tawi. Una shina linalopanda wima, na una matawi ya kuzaa yanayolala pembeni, na hivi viwili havibadilishani. Chukua kioo cha kukuzia, utazame kwapa la jani kwenye shina changa la kahawa. Hutaona jicho moja. Utaona macho kadhaa yaliyopangwa kwa safu, moja juu ya jingine, kwa kawaida kati ya manne na sita. Lile la juu kabisa ndilo peke yake lenye uwezo wa kuwa tawi la kuzaa, na halisubiri mkasi wako; huchipua lenyewe wakati shina linapokua, mara tu mche unapotoka utotoni. Yaliyo chini yake hulala, na yakiamshwa, hata ufanyeje, hutoa maotea wima.

Sasa rudi kwenye vile vidoto ulivyoviona kati ya chanzo cha tawi na kovu la jani. Hapo ndipo macho hayo ya pili na ya tatu yanapokaa. Jicho la tawi lilikwisha kutumika shina lilipokuwa likikua, na tawi lake ndilo hilo ulilolikuta juu ya kidoto. Uliondoa kilele, kizuizi kikaondoka, na macho yaliyokuwapo yakaamka kwa asili yake. Mti haukukosea chochote.

Kwa sababu hiyohiyo tawi lililovunjwa na mbuzi kwenye shina halirudi mahali pake. Kila kwapa la shina lina jicho moja la tawi, likishatoka na kuvunjika limekwisha. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wakikwanyua matawi ya chini wakati wa kuchuma, au wakifunga ng'ombe kwenye mbuni, wakiamini yataota mengine. Hayaoti. Kinachoweza kujaza sehemu ya pengo ni vitawi vinavyozaliwa na matawi ya jirani yaliyosalia, kwa kuwa makwapa ya tawi la kuzaa yana macho yake yanayoweza kuwa maua au vitawi vidogo, na kukata kilele cha shina huvipa nguvu vitawi hivyo, hasa katika matawi ya juu.

Hiyo ndiyo sababu hasa ya sisi kukata vilele vya kahawa ya shina moja: tunazuia mti usipande zaidi ya mkono wa mchumaji, kwa kawaida kati ya mita 1.5 na 1.8, na tunaunenepesha mwili uliokwisha kuwapo. Kukata kwenye sentimita 90 ni mapema mno ikiwa hukuwa na nia ya kulea maotea.

Usiyang'oe yote kwa hasira. Otea ni shina jipya, na shina jipya linapopanda hutoa matawi yake mapya ya kuzaa katika kila kwapa, kwa mpangilio uleule wa mche. Kwenye miti isiyo na mapengo, acha otea moja lenye afya liendelee kuwa kilele, ukikate tena likifika kimo. Kwenye miti iliyoliwa na mbuzi, otea unalolihitaji ni lile linalotoka chini, sentimita 30 kutoka ardhini au pungufu, kwa sababu hilo litakupa mwili mzima kuanzia chini. Huanza kuzaa baada ya miaka miwili hivi, na hapo ndipo unapolikata shina la zamani kwa msumeno. Maotea usiyoyataka yaondoe yangali laini, kwa kidole, ukiyavuta kuelekea chini yatoke pamoja na kitako chake. Ukiyakata kwa mkasi ukaacha kisiki cha nusu sentimita, macho yaliyo kwenye kitako hicho yatakuletea matatu mahali pa moja.

Mkulima wa Kihamba

Mzee wangu Mpogoaji, shikamoo, nawe Mwalimu, ahsante sana. Jana nilichukua kipande kimoja kibichi cha shina hadi mwangani, nikakitoa jani taratibu na kutazama kwa kioo cha kukuzia cha mtoto wangu. Nimeyahesabu macho manne, madogo mno, yamefunikwa na utomvu mkavu unaong'aa kama gundi, na juu yake ndipo palipoanzia tawi. Kwa miaka yote niliyokaa na kahawa sikuwahi kujua kwamba yapo.

Limebaki swali la ule mti ulioangukiwa na mgomba. Kilele chake kipo, oksini inatengenezwa, na bado macho saba yameamka. Je, haliharibu maelezo yote? Na ile miwili ya kivulini nayo inachelewa kwa nini?

Mtoto wa Pwani

Naomba niongeze neno fupi kutoka Pangani, ambako hatuna kahawa ila tuna minazi. Maneno ya Mpogoaji, kwamba unapata kulingana na macho yaliyopo, kwetu huonekana waziwazi na kwa hasara. Mnazi una kilele kimoja tu, kile kitovu cheupe tunachokiita kichelema, na makwapa ya makuti yake hayana macho ya kutoa matawi. Kinachotoka humo ni makarara yenye maua. Kwa hiyo mnazi uliokatwa kichwa, au uliotobolewa na mdudu aitwaye chonga hadi kitovuni, haufanyi matawi. Unakufa ukiwa umesimama, na shina linabaki kama nguzo. Niliwahi kumkuta kijana akitaka kukata vichwa vya minazi mirefu ya marehemu babu yake ili ifupike na kutanuka kama mwarobaini, na nilimshika mkono nikamwomba asubiri.

Mgomba, kinyume chake, ukiukata unaendelea kusukuma jani jipya katikati ya jeraha, kwa sababu kile tunachokiona kama shina ni makuti yaliyofungana tu, na kitovu chenyewe kimejificha chini kwenye tunguu. Wanaozalisha miche ya migomba hukitafuta kitovu hicho na kukiharibu kwa makusudi, ndipo machipukizi ya pembeni yanapotoka kwa wingi.

Mwalimu wa Baiolojia

Ndugu Mkulima, mti wako ulioanguka hauharibu maelezo, ila unayapanua. Shina likilazwa, ukuaji wa kilele hupungua, na macho yaliyo upande wa juu huachiliwa, huku ya upande wa chini yakibaki yamelala. Bila shaka ukiugeuza mti wako utakuta tumboni mwake hamna otea hata moja. Kuwapo kwa kilele peke yake hakutoshi. Lazima kiwe kinakua kwa nguvu na kiwe juu ya macho mengine. Wakulima wa kahawa hulitumia jambo hili kwa makusudi: huupinda mche mchanga na kuufunga kwenye kigingi, kisha huchagua mashina mawili au matatu kati ya maotea yanayotokea mgongoni. Mgomba umekufanyia kazi hiyo bila kuombwa.

Kuhusu kivuli, hapa pana utafiti uliobadilisha namna tunavyofundisha somo hili. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya majaribio ya mimea ya njegere. Waliona macho ya chini yakianza kukua saa chache tu baada ya kilele kukatwa, wakati kupungua kwa oksini, kwa mwendo ule wa sentimita moja kwa saa, kulikuwa bado hakujafika kwenye vifundo hivyo. Kilichofika mapema kilikuwa sukari. Kilele kinachokua ni mlaji mkubwa wa sukari itengenezwayo na majani. Kikiondolewa, sukari hiyo huelekea kwenye macho kwa haraka sana, na jicho huanza safari yake kwa sukari hiyo. Oksini na wenzake huamua baadaye kama jicho litaendelea kuwa tawi au litarudi kulala. Kwa maana hiyo jirani yako hakuwa mbali sana na ukweli alipohisi kwamba kuna kitu kilichokuwa kikienda juu sasa kimegeuka. Alikosea jina lake tu.

Mibuni yako ya kivulini ina majani yanayopata mwanga hafifu, kwa hiyo ina sukari chache ya kugawa. Isitoshe, mwanga uliochujwa na majani ya migomba hupungukiwa na sehemu yake nyekundu, na mimea huutambua upungufu huo na kuyazuia macho yake ya pembeni, kwani palipo na msongamano humfaa zaidi apandaye juu. Sababu hizi mbili zinatosha kuchelewesha, ingawa siwezi kukwambia kutoka huku ni ipi iliyotangulia kwenye shamba lako. Ukiondoa makuti makavu na kupunguza machipukizi ya migomba kuizunguka miti hiyo miwili, utaisaidia kwa yote mawili.

Mpogoaji

Niongezee hapo kwa Mwalimu. Ndugu Mkulima, ile iliyoliwa na mbuzi usiikate tena sasa. Majani yake ni machache, na kila mkato unaipunguzia akiba. Subiri mavuno yaishe, kisha uipinde polepole kuelekea upande wenye nafasi, shina liwe limelegezwa na udongo wenye unyevu, uifunge kwa kamba ya mgomba. Kama shina limekwisha kuwa gumu, usilazimishe, litapasuka. Badala yake fungua katikati ya mti mwanga ufike chini, na macho ya chini yatajitokeza.

Mkulima wa Kihamba

Nimeugeuza ule mti ulioanguka leo asubuhi. Tumboni hamna otea hata moja, kama Mwalimu alivyosema. Kati ya yale saba ya mgongoni nimebakiza matatu yaliyo karibu na kisiki, yaliyoachana kwa kiganja kimoja kimoja, na mengine nimeyavuta kwa kidole pamoja na vitako vyake. Miti iliyoliwa na mbuzi ni mitano. Mitatu bado inapindika ninapoijaribu kwa mkono, na miwili imekakamaa. Nimeifunga alama ya majani ya mmea wa isale ile mitatu ili nisije nikasahau ipi ni ipi mavuno yakiisha, na kesho naanza kupunguza migomba.